Mzee Kamili si Mganga

9 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha hapa Mwakitolyo. Imepiga mabati mpaka tukawa tunazungumza kwa mikono, kisha ikatuachia tope na kumbikumbi. Deogratias amewaokota wengi akawakaanga bila mafuta. Yeye ni Msumbwa wa Ushirombo, analala kitanda cha pili katika banda letu. Mimi ni Nasibu, Mzigua wa Handeni, na sijafika kwetu tangu nilipokuja huku kuchimba dhahabu.

Shule niliiacha kidato cha pili, na kuandika nimeanza kusahau. Nimenunua daftari hili kwa sababu moja. Duara tunaloshuka ni la Mageni, mwenyeji wa hapa. Ni shimo refu, kuta zake zimezuiwa na magogo tunayoyaita matimba. Mvua ikija udongo unalegea, kila mtu anajua. Lakini huku ni mwiko kusimama kwenye mdomo wa duara ukasema litatufukia. Ukisema, umekiita kifo. Likifukia, wewe ndiye uliyeua. Lisipofukia, wewe ni mwoga, na hakuna timu itakayokuchukua tena. Basi nasemea humu: naliogopa.

11 Novemba

Mawe matupu. Mgongo unauma.

14 Novemba

Mama lishe wetu, Kudra, amepata mgeni. Ni baba yake, ametoka pwani. Tulikuwa tunakula ugali na dagaa bodaboda ikasimama, akashuka mzee mrefu mwembamba mwenye begi moja na viatu ameviweka ndani ya mfuko wa plastiki ili visichafuke. Akasema, "Assalamu alaykum, wanangu." Kwa sauti hiyo tu Deogratias akaweka sahani chini.

"Yesu na Maria. Mzee Mafundo!"

Na mimi nikamtambua. Nani hamjui? Zamani kila Jumatano kwenye televisheni alikuwa yule mganga mbaya, aliyefunga mafundo kwenye kamba na mtu akafa kijiji cha pili. Handeni tulikuwa tunajazana kwa jirani kumtazama, na akitokea tu, wanawake walijifunika kanga usoni.

Deogratias alisimama mbali, mikono nyuma. "Shikamoo, Mzee Mafundo."

"Marahaba, baba. Lakini jina langu ni Kamili. Mimi ni mwigizaji."

Deogratias akaniinamia sikioni. "Umesikia? Mganga wa kweli hujikana."

15 Novemba

Kwenye kibanda cha video leo jioni wameonyesha filamu yake ya zamani, nadhani makusudi. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye benchi la nyuma, kofia kapakata magotini. Mwishoni mganga anapigwa na radi, na watu wote wakashangilia. Akaninong'oneza, "Radi ile ilikuwa taa za gari la mwongozaji. Betri ikafa, tukalala porini na mbu."

20 Novemba

Mvua. Hatukushuka. Afadhali.

24 Novemba

Mzee Kamili hawezi kukaa bure. Anamwoshea binti yake sahani, taulo begani, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, halafu anaitafuta miwani hiyo hiyo. Leo mvua imetufungia pale kwa Kudra nikamuuliza alianzaje.

Alianzia kiwandani, Dar es Salaam, kiwanda cha nguo. Miaka ile mashirika yalikuwa na vikundi vyao vya sanaa. Mchana unasimama kwenye mashine, jioni unapanda jukwaani kwenye ukumbi wa pombe: ngoma, sarakasi, kisha igizo. Aliigiza mpenzi, mwalimu, hata bibi kizee mwenye mtaji wa vitumbua. Siku moja mwenzao aliyekuwa anaigiza mganga akaumwa jino, wakampa yeye kaniki na tunguli. Alipofungua mdomo, mwanamke wa mstari wa mbele akaikimbia chupa yake ya bia.

"Hapo ndipo nilipojimaliza," alisema. "Ikaja redio, mganga. Ikaja televisheni, mganga. Zikaja hizi filamu za kumaliza kwa siku nne sebuleni kwa mtu. Kila anayenipigia simu ananiambia, mzee, safari hii ni tofauti. Nikifika nakuta kaniki imeshatundikwa, inaningoja."

Kudra, aliyekuwa anachochea moto, akadakia, "Mwambie mama alivyokuwa sokoni."

"Mama yake akienda kununua samaki, muuzaji anapokea hela huku anamwombea dua."

Tulicheka sana. Kisha nikamuuliza ni mtu gani alitamani kumwigiza asipewe. Hakufikiri.

"Mtu wa kawaida. Baba mwenye woga wake na miwani yake. Tena afe kitandani. Mimi nimekufa kwa radi, kwa nyoka, kwa moto, nimerukwa na akili nikatumbukia kisimani. Sijawahi kufa kitandani, watu wakaja wakasema Fulani tulikuwa naye. Hilo hawakuniandikia."

Akakohoa muda mrefu. Kifua hicho sikipendi.

2 Desemba

Leo nimeuona ufa. Uko chini ya ngazi ya pili, ukutani, vidole vinaingia. Gogo lililo mbele yake limepinda kama mkono uliochoka. Deogratias alikuwa amesimama chini yangu, tochi yake ya kichwani ikaangaza pale pale. Nikamtazama, akanitazama.

"Naona leo huko juu jua kali," akasema.

"Kali," nikasema.

Tukaendelea kupiga nyundo.

5 Desemba

Mvua usiku kucha. Mageni anasema mawe yameanza kuonyesha dhahabu, tusilegee. Si mtu mbaya, niandike hilo. Alimkopesha Innocent, mwenzetu wa timu, blanketi lake mwenyewe kijana alipoumwa. Lakini ameuza ng'ombe wa baba yake kwa ajili ya shimo hili, na mtu aliyeuza ng'ombe wa baba yake haoni ufa.

9 Desemba

Leo donge la udongo limemwangukia Innocent begani. Tumemvuta juu kwa kamba, mkono unaning'inia. Mfupa haukuvunjika. Baada ya hapo tukakaa juu ya kifusi, wote, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujifunga kamba. Mmoja anafunga viatu, anafungua, anafunga tena. Mimi nilikuwa nafuta tochi ambayo haikuwa na tope.

Mageni akaja. "Mnangoja nini? Mnangoja lije lenyewe huku juu?"

Kisha Deogratias akavua kofia. "Bosi, duara hili linataka kufunguliwa kwa uganga. Na Mungu katuletea mtu mwenyewe. Yupo pale kwa Kudra, anaosha sahani."

Nilitaka kujificha kwa aibu. Mtu anayeimba kwaya kila Jumapili! Lakini wengine wote wakaitikia, ndiyo, ndiyo, na Mageni akalidaka neno hilo kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni. Tukaongozana.

Mzee Kamili alituona tunakuja akakausha mikono kwanza.

"Mwangaluka, Mzee," Mageni akamwamkia kwa Kisukuma. "Tuna shida ya duara. Vijana wameingiwa baridi. Tunaomba utufungulie."

"Mimi ni mwigizaji, baba."

"Ndiyo, Mzee, tunajua," akasema Deogratias kwa adabu. "Utatusaidia lini?"

Watu wakacheka kidogo. Mzee akaapa. Akaeleza kiwanda, jukwaa, kamera, radi ya taa za gari. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kuinamisha vichwa kwa heshima. Mageni hakubishana. Aliishika nguzo moja ya banda akaitikisa taratibu. "Nguzo hizi nilizichimbia mimi," akasema. "Kwenye kiwanja changu. Nilimhurumia Kudra." Akaondoka.

Kudra aliingiza mwiko kwenye sufuria akawa anakoroga maji matupu.

Wenzangu walipokwenda, mzee akaniita. "Nasibu, huko chini kukoje? Sema kweli."

Pale si mdomo wa duara. Nikalisema: litatufukia. Nikamweleza ufa, gogo, mvua.

"Sasa kwa nini hamkatai?"

Nikamweleza mwiko. Alisikiliza kama mtu anayepewa sehemu mpya ya kuigiza. Kisha akauliza, "Na mganga? Yeye anaruhusiwa kulisema hilo neno?"

"Yeye peke yake."

10 Desemba

Sijui niandikeje ya leo.

Mzee Kamili aliomba kaniki, mkia wa ng'ombe na unga wa mtama. Mageni akaleta na kuku mweupe. "Huyo mwacheni aende zake," mzee akasema. "Sijawahi kuua kuku. Siku zote waliniletea aliyekwishachinjwa." Deogratias akasema mizimu ya Mzee haipendi kuku, na watu wakatikisa vichwa.

Mzee akaingia ndani. Aliyetoka hakuwa yeye. Nilijua kila kitu, nilijua hata kwamba chini ya kaniki kavaa suruali ya kijivu niliyomsaidia kuanika, lakini nywele za mikono zilinisimama. Alikuwa mrefu zaidi. Macho yalikuwa yanatazama kitu kilicho nyuma yetu. Watu wa maduara ya jirani waliacha kazi wakaja, wanawake wa kutwanga mawe wakaja, hata karasha, mashine ya kusaga mawe, ikazimwa.

Akalizunguka duara, unga anaurusha kwa vidole viwili. Akapiga magoti kwenye tope, akaweka sikio chini. Alikaa hivyo mpaka tukaanza kusikia pumzi zetu.

Halafu ile sauti.

"Nyumba hii ina mwenyewe. Amerudi. Mvua hii ni maji yake ya kuoga. Nani kati yenu anamwingilia mwenzake anaoga?"

Mtu akacheka kwa woga, akakohoa ili kuficha.

"Hataki damu. Hataki kuku. Anataka kuoga kwa amani mpaka mvua ikatike na udongo ukauke. Atakayeshuka kabla," hapo akashika kamba yetu, akaivuta taratibu kutoka shimoni, ncha yake ikatokea tupu, inachuruzika maji, "itarudi hivi."

Mageni alibadilika rangi. Alikuwa amemleta mganga wa kusema shukeni. Akafungua mdomo, lakini Deogratias alimtangulia. Alivua tochi ya kichwani akaiweka chini miguuni pa mzee. "Mimi nimesikia." Innocent akafuata, mkono shingoni. Wakafuata wote, haraka, kama watu waliokuwa wamebeba mzigo wakaonyeshwa pa kuutua. Na mimi nikaweka yangu.

Baadaye nilimkuta nyuma ya banda anakunja kaniki. "Nimewadanganya watoto wa watu, Nasibu."

"Umetuokoa."

"Hayo yote mawili ni kweli," akasema.

18 Desemba

Tunapanda mpunga kwenye majaruba ya watu. Kazi ya kuinama kutwa, miguu majini, lakini juu ya kichwa kuna mbingu.

25 Desemba

Deogratias ameimba misa, sauti imemkauka. Kudra ametupikia pilau Wakristo na Waislamu. Mama mmoja alimleta mtoto mwenye homa kwa "Mzee Mafundo". Mzee akamwambia, "Mkimbize zahanati sasa hivi. Mimi natangulia kwa njia yangu." Mama akakimbia. Mzee akaniambia, "Umeona? Sasa hata kumpeleka mtoto kwa daktari lazima niigize." Hakula pilau yake.

3 Januari

Mvua imesimama siku kadhaa, jua la kuchoma. Juu pamekauka, lakini ukisogea kwenye mdomo wa duara unasikia maji yanadondoka ndani. Mageni amekonda. Wachimbaji wa upande wa Bulyanhulu wamemwambia kama vijana wake wanaogopa mizimu, wao hawaogopi, watashuka. Leo amemwambia Kudra mbele yetu, bila kumtazama: baba yako afungue duara kabla ya Jumamosi, au ung'oe nguzo.

"Mageni, nimekulisha mwaka mzima," Kudra akasema.

"Ndiyo, mama. Na mimi nina watoto."

6 Januari

Watu walijaa kuliko mara ya kwanza. Kaniki ilikuwa imefuliwa na Kudra, imekunjwa juu ya kigoda. Mzee akatoka ndani akaipita.

Alikuwa amevaa shati lake jeupe, suruali ya kijivu, kofia ya kiua, miwani machoni. Akasimama kwenye mdomo wa duara kama mtu anayengoja gari. Akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuulizia chumvi:

"Naitwa Kamili. Ni Mzaramo wa Kisarawe. Mimi si mganga, sijawahi kuwa. Siku ile niliigiza, nisameheni. Mle ndani hakuna mwenyewe. Kuna ufa, udongo umelowa, magogo yamechoka. Mkishuka litawafukia. Basi."

Alilisema. Pale pale mdomoni. Nilihisi watu wote wamevuta pumzi mara moja.

Na Deogratias akapaza sauti, "Jamani mmeona? Mganga akivua nguo zake, ujue jambo limemshinda hata yeye!"

Watu walitawanyika kama wamechokoza nyuki. Wale wa Bulyanhulu waliokuja kutazama ndio waliokuwa mbele. Mageni akabaki peke yake, akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake nzuri.

Mimi nilicheka mpaka nikashika tumbo. Mzee hakucheka. "Miaka yote jukwaani," akasema, "leo nimesema la kwangu, kwa sauti yangu. Nimebaki Mafundo." Akaenda kulala mchana.

Naandika kama ninavyoona: wenzangu ni wajinga wenye bahati.

8 Januari

Nguzo za Kudra hazijang'olewa. Mageni amekuja, amekula, ameosha sahani yake mwenyewe.

11 Januari

Duara limekaa chini. Ilikuwa asubuhi, tunakunywa chai. Mlio wake haukuwa mkubwa, kama gunia la mahindi limeshushwa kwenye lori. Vikombe vikatikisika. Tulipofika palikuwa na sahani pana ya udongo, laini, kama hapajawahi kuwa na shimo.

Hakukuwa na mtu ndani. Lakini Mageni alituita majina mmoja mmoja, kila mtu akaitika, akamaliza akaanza tena mwanzo. Alipofika kwa Innocent mara ya pili akashindwa kuendelea, akajifunika uso kwa kofia.

13 Januari

Wanaleta vitu: mchele, asali, kanzu, hata yule kuku mweupe. Wanavipanga mlangoni bila kubisha. Mzee hatoki. Kifua kimembana, amekataa kupelekwa hospitali ya Shinyanga. "Wamenifungia humo ndani ya kaniki," ameniambia. "Sitoki tena." Nikamvisha miwani.

16 Januari

Mzee Kamili amefariki alasiri. Alikuwa kitandani. Kudra alikuwa amemshikia kikombe cha uji.

17 Januari

Tumemzika baada ya adhuhuri. Kaburi tulichimba sisi wa duara la Mageni, na Mageni mwenyewe. Kuta zilikuwa zimenyooka vizuri.

Baada ya kurudi tulikaa kwenye mikeka kwa Kudra. Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa wote wanajihesabu watani wa Wazaramo, na mtani ana haki yake msibani: anavaa nguo ya marehemu, anamwigiza, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Nikamwona Deogratias anaingia ndani. Nikajua ataleta kaniki na mkia, amzike mzee mara ya pili kama mganga.

Alitoka amevaa shati jeupe. Taulo begani. Miwani kwenye paji la uso.

Akachukua sahani akaanza kuiosha kwa makini. Akaacha. Akapapasa mfuko, akapapasa mkeka, akamwinua bibi mmoja aliyekaa, akachungulia alipokuwa ameketi. "Wanangu, nani kaona miwani yangu?" Ilikuwa sauti yenyewe, ya kuulizia chumvi. Kudra alitoa kilio kikageuka kicheko kikiwa bado mdomoni.

Innocent akasimama upande wa pili, mikono nyuma. "Shikamoo, Mzee Mafundo!"

"Marahaba, baba," Deogratias akasema. Na kabla hajaendelea, mikeka yote ikamsaidia, wanaume kwa wanawake, "Lakini jina langu ni Kamili! Mimi ni mwigizaji!"

Walijua. Nilitazama nyuso zile moja moja. Walijua wote, na maneno yake waliyashika kwa moyo.

Deogratias akapiga magoti, akaweka sikio chini, vile vile alivyofanya mzee. Akainua kichwa, akaishusha miwani machoni. "Hapa pamelowa," akasema. "Mimi naogopa, wanangu. Ninyi je?"

Mtu wa kwanza kujibu alikuwa Mageni. "Tunaogopa, Mzee."

"Tunaogopa," tukasema wote.

Jioni, tunakunja mikeka, nikamkamata. "Wewe, ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Si alitwambia mwenyewe? Mtu mzima akikutajia jina lake utamkatalia?"

"Na ule uganga wote uliomvisha?"

"Mzigua, una kidato cha pili lakini kichwa kigumu. Siku ile ya Innocent, Mageni angesema shuka, ungeshuka?"

"Ningeshuka."

"Na ufa umeuona."

"Mlikuwa mnanitazama."

"Haya," akasema. "Na sisi ulikuwa unatutazama."

Akanipa nishike ncha ya mkeka.

29 Januari

Mageni ameanza duara jipya upande wa juu, magogo mazima, na tunashuka zamu fupi. Leo asubuhi manyunyu yamerudi. Nilikuwa nimeshajifunga kamba, nikaona ukuta wa kushoto unang'aa maji. Watu wamesimama nyuma yangu. Mageni yupo. Ule mwiko bado upo.

Nikakumbuka. Nikajipapasa kwenye paji la uso kama natafuta kitu. Nikasema kwa sauti ya mzee, vibaya, mimi si mwigizaji: "Wanangu, nani kaona miwani yangu? Huku kushoto sioni vizuri."

Mageni akasogea, akachungulia. Kisha akaniambia, "Shikamoo, Mzee Kamili. Fungua kamba."